Kabla ya Utepe Kukatwa: Maswali Yenu Kuhusu Majengo Marefu

Kule Jeddah, Saudi Arabia, jengo lililokusudiwa kupita mita 1,000 linapanda tena tangu kazi iliporejelewa Januari 2025, baada ya kukwama mwaka 2018. Siku litakapofunguliwa, rekodi ambayo Burj Khalifa ya Dubai imeishika tangu ifunguliwe tarehe 4 Januari 2010 itakuwa imeanguka. Habari hizo zimewafanya wasomaji wetu, kuanzia Nakuru hadi Busia, watuandikie kwa wingi. Tumechagua barua nane, na waliozijibu ni wahandisi wa miundo pamoja na fundi wa lifti. Barua nyingi zinauliza juu ya kilele. Majibu mengi yataanzia chini, kwenye udongo, zege na maji, maana huko ndiko urefu wa jengo unakoamuliwa.

Nani hupima, na anapima kutoka wapi?

*Hamjambo wahariri. Wanafunzi wangu wanabishana: jengo refu kuliko yote Nairobi ni lile lenye ghorofa nyingi au lile lenye mlingoti mrefu? Na rekodi ya dunia hutangazwa na nani? – Mwalimu wa Jiografia, Kakamega*

Hatujambo, mwalimu. Chombo kinachosikizwa na wote ni baraza la Chicago lililojulikana kwa miaka mingi kama Baraza la Majengo Marefu na Makazi ya Mijini, CTBUH kwa kifupi. Hupima kuanzia mlango wa chini kabisa unaofikiwa kwa miguu kutoka nje, hadi ncha ya usanifu. Mnara mwembamba uliochorwa tangu mwanzo kuwa sehemu ya jengo huhesabiwa. Antena na mlingoti wa bendera havihesabiwi. Kanuni hiyo ndiyo iliyoipa minara ya Petronas ya Kuala Lumpur (mita 451.9) ushindi dhidi ya jengo la Sears la Chicago (mita 442) mwaka 1996, ingawa paa la Sears lilikuwa juu zaidi. Ubishi ulikuwa mkali hata baraza likaongeza orodha nyingine, ikiwemo ya ghorofa ya juu kabisa inayokaliwa na watu.

Kuna sharti la pili ambalo wengi hulisahau: angalau nusu ya kimo kiwe ghorofa zinazotumika. Tokyo Skytree ina mita 634, lakini huandikwa kuwa mnara, si jengo.

Sasa Nairobi. Britam Tower ya Upper Hill ina mita 200, na kati ya hizo karibu 60 ni mlingoti uliobuniwa pamoja na jengo. Global Trade Centre ya Westlands ina mita 184 na ghorofa zaidi ya 40, ilhali Britam ina 31 tu. Kwa ncha ya usanifu Britam iko mbele, kwa ghorofa Westlands iko mbele. Waambie wanafunzi wataje kwanza wanapima nini, ndipo wabishane. Hata Burj Khalifa yenye mita 828, sakafu yake ya juu inayokaliwa iko kwenye mita 585 hivi. Zaidi ya mita 240 za juu hazina mkazi.

Zege kupanda mita 600, na yetu kuziba ghorofa ya tano

*Wahandisi, tulikodi pampu kumwaga slabu ya ghorofa ya tano, bomba likaziba mara mbili mpaka tukabeba kwa karai. Dubai waliwezaje kusukuma zege zaidi ya mita 600? – Fundi wa zege, Kondele, Kisumu*

Fundi, swali lako ndilo bora kuliko yote mwezi huu, na jibu lake linafaa kubandikwa kwenye kila mjengo.

Zege ya Burj Khalifa ilisukumwa hadi mita 606, kwa mgandamizo wa bar 200 hivi. Pampu ilikuwa ya nguvu isiyo ya kawaida, lakini pampu hiyo hiyo ingeziba kama ingelishwa zege mbovu. Zege haitiririki ndani ya bomba kama maji. Inakwenda kama gogo moja, na gogo hilo linateleza juu ya utando mwembamba wa uji wa saruji na mchanga laini unaolowesha ukuta wa bomba. Utando ukikatika mahali pamoja, kokoto hugusa chuma, zinashikana, zinajifunga kama kabari. Kwa hivyo kila unachofanya kabla na wakati wa kumwaga, lengo lake ni kuulinda uji huo.

Anza na kokoto. Kwa jiwe la kupondwa lenye pembe, kama lile tunalonunua kwenye machimbo ya Nyanza, kipenyo cha jiwe kubwa kisizidi theluthi moja ya kipenyo cha bomba. Bomba la milimita 125 linakubali kokoto ya milimita 20 bila shida. Wakikuletea lori lililochanganyika na mawe ya 40, chekecha au rudisha. Dubai walipunguza ukubwa wa kokoto kadiri walivyozidi kupanda.

Mchanga wa mto uliooshwa sana ni mtego. Unaonekana safi, lakini laini yake imekwenda na maji. Kwa pampu, kama asilimia 15 hadi 30 ya mchanga ipite kwenye chekeche ya milimita 0.3. Ukipungua, changanya na mchanga mwembamba zaidi. Saruji isipungue mifuko sita ya kilo 50 kwa kila mita moja ya ujazo, na slabu ya ghorofa huhitaji saba hivi.

Kisha pima ulaini kwa koni ya chuma: kimo milimita 300, mdomo wa chini 200, wa juu 100. Jaza kwa tabaka tatu, kila tabaka lidungwe mara 25 kwa nondo ya milimita 16, sawazisha juu, inua koni wima polepole. Zege ya pampu ishuke kati ya milimita 100 na 150. Ikishuka kidogo, tumia dawa ya kulainisha zege kwa kipimo cha mtengenezaji. Usimruhusu mtu kutia maji ya mpira kwenye pipa la pampu! Maji hayo hufanya mambo mawili mabaya kwa mpigo: uji unakimbia na kuyaacha mawe nyuma, bomba linaziba, na hata zege ikifika, itakuwa dhaifu kwa sababu uwiano wa maji na saruji umeharibika. Mfuko mmoja wa kilo 50 uchukue lita 25 za maji, ukihesabu na yale yaliyomo kwenye mchanga uliolowa.

Kabla ya zege ya kwanza, pitisha uji wa saruji na mchanga ndani ya bomba zima ili kulipaka. Uji huo upokelewe kwenye karai na umwagwe kando, kamwe usiachwe ndani ya boriti, maana hauna kokoto na utakuwa sehemu laini ndani ya muundo.

Kwenye maungio, angalia mpira wa kila klampu. Ukiona uji unachuruzika, hapo ndipo bomba litakapoziba baada ya nusu saa, maana utando unavujia hapo. Lori likichelewa, usiiache zege ilale bombani juani: piga mipigo michache mbele na nyuma kila baada ya dakika chache. Wakati wa joto Dubai walimwaga usiku na kubadilisha sehemu ya maji kwa barafu. Kisumu huna haja ya barafu, lakini anza alfajiri, weka kokoto kivulini, na usilaze bomba jeusi juu ya mabati ya moto.

Likiziba, rudisha pampu nyuma mara mbili tatu kwanza. Gonga bomba kusikiliza: mahali palipo wazi na palipoziba hulia tofauti. Lakini usifungue klampu kabla mgandamizo haujatolewa wote, na mtu yeyote asisimame mbele ya mdomo wa mpira. Zege iliyofungiwa hutoka kama risasi, na imeua watu.

Mwisho, chukua vipande vya majaribio vya milimita 150 kutoka kila siku ya kumwaga, uvipeleke maabara vikapimwe siku ya 7 na siku ya 28. Siku ya 7 zege huwa imefikisha kama theluthi mbili ya nguvu yake. Dubai zege ya kuta za chini ilikuwa ya daraja la 80 (kipimo cha nguvu, newtoni kwa milimita mraba) na ya juu 60. Yako ya 25 inatosha kabisa, mradi iwe 25 kweli.

Upepo

*Mbona upepo hauuangushi mnara wa mita 800? – Mwanafunzi wa kidato cha nne, Busia*

Hatari si upepo kusukuma tu, bali upepo kuvuma kwa mapigo. Hewa inapopita kando ya mnara huachia vimbunga vidogo, kimoja kushoto, kimoja kulia, kwa zamu. Zamu hizo zikilingana na mwendo wa asili wa jengo kuyumba, kila pigo huongeza lililotangulia, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea. Dawa ni kuuvuruga upepo. Burj Khalifa ina mabawa matatu yanayopungua kwa ngazi, kila ngazi kwa umbo lingine, hivyo vimbunga vya kimo kimoja havipatani na vya kimo kingine. Taipei 101, yenye mita 508, iliongeza tufe la chuma la tani 660 lililoning'inizwa kati ya ghorofa ya 87 na 92. Jengo likiegemea upande huu, tufe huchelewa na kulivuta upande ule.

Makosa hutokea hata kwa mabingwa. Citicorp Center ya New York ilifunguliwa 1977. Mwaka uliofuata mhandisi wake, William LeMessurier, aligundua kwamba maungio yaliyopaswa kuchomelewa yalikuwa yamefungwa kwa bolti, na kwamba upepo wa pembeni ungeyalemea. Mabamba ya chuma yalichomelewa usiku kwa usiku, watu wakiendelea kufanya kazi humo mchana.

Ploti ya Nakuru na ghorofa saba

*Shikamooni. Nina ploti ya 50 kwa 100 Nakuru na ninataka kujenga ghorofa saba za kupangisha. Mkandarasi anasema futi tano za msingi zinatosha kwa sababu jirani alichimba hizo. Je, ni kweli? – Mama mwenye ploti, Nakuru*

Marahaba, mama. Usijenge kwa msingi wa jirani. Nakuru imekaa juu ya majivu ya volkano na mashapo ya ziwa, kati ya Menengai na Ziwa Nakuru, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Udongo huo hubadilika ndani ya hatua chache. Ukikauka husimama imara hata ukuta wa shimo haubomoki. Ukilowa hulegea ghafla. Chini yake kuna nyufa za kale, na mvua kubwa inapoingia hubeba majivu laini ndani ya nyufa hizo, ardhi ikafunguka juu. Aidha, tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipiga Subukia, hapo jirani. Jengo lako lazima lichorwe likijua hayo.

Tufanye hesabu pamoja. Jengo la kuishi la zege na mawe hubeba takriban tani 1.1 kwa kila mita mraba ya kila ghorofa, ukijumlisha kuta, watu na vyombo. Nguzo zikiwa mita 4 kwa 4, nguzo ya katikati hubeba mita mraba 16. Mara 1.1, mara ghorofa 7, unapata tani 123. Udongo ukiweza kubeba tani 15 kwa mita mraba, nguzo hiyo inahitaji kitako cha mita mraba 8.2, yaani karibu mita 2.9 kila upande. Nguzo ya pili iko mita 4 tu kutoka hapo, kwa hiyo vitako vinakaribia kugusana. Hapo mhandisi huacha vitako vya mmoja mmoja na kuchora slabu moja nene chini ya jengo zima. Na udongo ukiwa dhaifu kuliko hivyo, hushuka kwenye paili, yaani nguzo ndefu zinazozamishwa ardhini. Kina cha futi tano hakikujibu hata swali moja kati ya haya.

Kinachotakiwa kwanza ni kutoboa udongo, angalau mashimo matatu kwa ploti kama yako, yakishuka chini ya msingi mara moja na nusu ya upana wake. Ndani ya shimo hufanywa jaribio la nyundo: kilo 63.5 huangushwa kutoka milimita 760, na yanahesabiwa mapigo yanayohitajika kuzamisha bomba milimita 300 za mwisho. Chini ya mapigo 10 mchanga ni mlegevu, zaidi ya 30 umeshikamana. Dai ripoti iliyoandikwa na kutiwa sahihi, mpe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, naye achore kwa ripoti hiyo.

Hata matajiri wa dunia wameadhibiwa na udongo. Millennium Tower ya San Francisco, ghorofa 58, ilifunguliwa 2009 juu ya paili zisizofika kwenye mwamba. Kufikia 2016 ilikuwa imezama zaidi ya sentimita 40 na kuinama. Tofautisha na Kuala Lumpur: wapimaji wa Petronas walipogundua kwamba eneo moja limekaa nusu juu ya mwamba na nusu juu ya udongo laini, minara yote ilihamishwa kama mita 60, na paili zikashuka hadi zaidi ya mita 100. Kuhamisha mchoro ni nafuu kuliko kunyoosha jengo.

Kwa tetemeko, ogopa ghorofa ya chini iliyo wazi. Wengi huweka maduka chini, nguzo tupu bila kuta, halafu vyumba vyenye kuta nyingi juu. Ardhi ikitikisika, mtikisiko wote huishia kwenye nguzo hizo chache. Mwambie mhandisi aweke kuta za zege kuzunguka ngazi na lifti kutoka msingi hadi paa. Kagua ringi za nguzo, vile vyuma vinavyozungushwa kushika nondo, kabla ya mbao kufungwa: karibu na sakafu na karibu na boriti, ringi zikaribiane, milimita 100 hivi, na ncha zake zikunjwe ndani ya zege kwa pembe ya digrii 135. Fundi wengi huzikunja 90 kwa sababu ni rahisi. Nguzo ikitikiswa, ndoano hiyo hufunguka na nondo hupinda nje.

Maji ya paa yaongozwe mbali kwa mfereji wa zege, na shimo la maji machafu lisichimbwe karibu na msingi. Bomba linalovuja chini ya jengo kwenye majivu ya Nakuru ni adui mkubwa kuliko tetemeko, kwa sababu halina kelele. Na ukichora saba, zibaki saba. Kuongeza ya nane baada ya wapangaji kuingia hufuta hesabu yote tuliyofanya hapo juu.

Lifti, masikio na stima kupotea

*Jengo letu lina ghorofa tisa. Stima ikipotea lifti hukwama na watu hupiga mayowe wakidhani waya utakatika. Hao wa Dubai hawaogopi? – Mkazi wa Milimani, Kisumu*

Lifti ya abiria haining'inii kwa waya mmoja. Huwa kadhaa, na kwa pamoja huweza kubeba takriban mara 12 ya mzigo wote. Upande wa pili kuna uzito wa kusawazisha, sawa na chumba kitupu pamoja na kama nusu ya abiria. Hata waya zote zikikatika, kidhibiti mwendo huhisi chumba kimezidi kasi yake na kuvuta kabari za chuma zinazouma reli pande zote mbili. Wazo hilo lilionyeshwa hadharani na Elisha Otis mjini New York mwaka 1854, na bila yeye tusingekuwa na cha kuandika katika safu hii.

Mkikwama: bonyeza kengele, msibanduebandue mlango, msitoke kupitia dari. Hewa hupita, hamtakosa pumzi. Hatari kubwa ni mtu kujaribu kuruka kutoka chumba kilichosimama kati ya sakafu mbili, akateleza ndani ya shimo. Mwombe mwenye jengo afunge kifaa cha betri kinachoipeleka lifti ghorofa ya karibu na kufungua mlango stima inapopotea. Kama kipo na hakifanyi kazi, karibu kila mara betri ndizo zimekufa. Vitu vingine vinavyokwamisha lifti mjini kwenu ni vumbi kwenye macho ya mlango, stima ya kupanda na kushuka inayounguza saketi, na maji kwenye shimo la chini. Kisumu maji ya ardhini yako karibu, kwa hiyo shimo la lifti lipakwe dawa ya kuzuia maji na liwe na pampu ndogo inayojiwasha.

Kuhusu Dubai: lifti zake za kasi huenda mita 10 kwa sekunde, za Taipei 101 karibu 17, na za Shanghai Tower 20.5. Masikio huziba. Anayeshuka kwa matatu kutoka Nandi Hills hadi Chemelil anajua hisia hiyo, na mteremko ule una kimo cha karibu mita 800, sawa na Burj Khalifa yenyewe. Tofauti ni kwamba matatu huchukua nusu saa au zaidi. Ndiyo maana Taipei waliweka mtambo wa kurekebisha hewa ndani ya chumba cha lifti.

Mpaka wa lifti ni waya wenyewe. Ukipita mita 500 hivi, chuma hulemewa na uzito wake mwenyewe, hivyo abiria hubadilisha lifti njiani kama anayebadilisha gari stendi. Kwa Jeddah umepangwa utepe wa nyuzi za kaboni, mwepesi zaidi.

Na hao wa Dubai nao walikwama. Februari 2010, mwezi mmoja tu baada ya ufunguzi, lifti ya wageni wa roshani ya Burj Khalifa ilisimama na watu ndani kwa kama dakika 45, na roshani ikafungwa hadi Aprili.

Radi

*Huku kwetu Gusii radi hupiga karibu kila alasiri ya mvua. Jengo refu halitaivuta zaidi? – Mwenye duka, mjini Kisii*

Litaivuta, naam. Empire State Building hupigwa kama mara 20 au zaidi kila mwaka na wafanyakazi wake huendelea na kazi. Kinga haifukuzi radi, huipa njia. Huko kwenu upepo wa ziwani hukutana na vilima, mawingu hupanda haraka, kwa hiyo njia hiyo iwe imara.

Vyuma vya kupokea vikae pembe zote za paa na juu ya tangi. Kutoka hapo, utepe wa shaba wa milimita 25 kwa 3 ushuke angalau sehemu mbili, na kwa jengo kubwa mmoja kila mita 15 hadi 20 za mzunguko. Usiukunje kwa pembe kali. Radi huruka kona. Chini, vyuma vya ardhi viunganishwe pamoja mpaka kipimo kishuke chini ya ohmu 10, na kipimwe kiangazi, wakati udongo umekauka. Tangi la chuma, antena na reli za ngazi zote ziunganishwe na utepe huo. Ndani, kwenye bodi kuu ya stima, weka kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme, la sivyo jengo litapona na runinga zote ziungue.

Wezi wa shaba ndio tatizo kubwa. Mita tatu za chini zifunikwe kwa bomba gumu, na mtu apande kukagua kila mwaka.

Kisumu ipate mnara wa mita 200?

*Kwa nini hatuna? – Mwendesha boda boda, Kisumu*

Sababu moja ni uwanja wa ndege, ulio karibu na mji. Kanuni za kimataifa kwa njia ndefu ya ndege kama ya Kisumu huweka kikomo cha mita 45 juu ya uwanja ndani ya kilomita 4, kisha kikomo hupanda polepole, mita 5 kwa kila mita 100, hadi kufikia mita 145. Anayetaka kujenga huomba kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA) mapema. Upande wa Kano kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nao hudai paili. Pesa iliyozikwa chini haina mpangaji, kwa hiyo wenye mitaji hujenga kwa upana. Kwa maoni yetu ghorofa 12 zenye maji kila siku zina faida kwa Kisumu kuliko 40 zenye jina.

Mwenye jengo anataka kufungua Krismasi

*Mimi ni keateka wa jengo jipya la ghorofa nane. Rangi imekwisha, wageni wa ufunguzi wamealikwa. Nihakikishe nini? – Keateka, Bungoma*

Kaka, rangi ndiyo ya mwisho kwa umuhimu. Anza na maji, kwa sababu yanahitaji siku nyingi.

Jaza tangi la juu na uliache saa 48, weka alama ya kalamu kwenye kimo cha maji. Lita 10,000 ni tani 10, kwa hiyo hakikisha tangi limekaa juu ya nguzo, si katikati ya slabu. Kila mita 10 za kimo ni bar 1. Jengo la mita 26 linahitaji pampu ya chini itoe angalau bar 3.5 hadi 4, ukijumlisha msuguano wa mabomba. Mpangaji wa ghorofa ya chini naye atapata bar 2.6, jambo jema; lakini jengo likipita mita 40, lazima kuwe na vali za kupunguza mgandamizo, maana mabomba ya vyoo yanaweza kupasuka. Burj Khalifa hutumia wastani wa lita 946,000 kwa siku, na kwa sababu hiyo hiyo maji yake hupandishwa kwa awamu, kutoka tangi hadi tangi. Kisha vuta maji vyoo vyote vya ghorofa moja kwa wakati mmoja, usikilize masinki ya chini. Yakigugumia, bomba la hewa limezibwa au halikufika paani.

Stima: fundi mwenye leseni apime waya zote kwa volti 500, kila saketi ivuke megaohmu 1, na kila kikatio cha usalama cha miliampia 30 kibonyezwe kitufe chake cha majaribio. Washa jenereta na lifti, pampu na taa za ngazi zikiwa zinafanya kazi kwa pamoja, si kimoja kimoja.

Moto: milango ya ngazi ifunguke kuelekea njia ya kutokea, ijifunge yenyewe, na isiwe na kufuli. Vuta mpira wa maji hadi kona ya mbali ya kila ghorofa. Usipofika, mwambie mwenye jengo sasa, si baadaye. Angalia pia kilichobandikwa nje: Grenfell Tower ya London iliua watu 72 mwaka 2017 kwa sababu ukuta wa nje ulioongezwa baadaye ulishika moto na kuupandisha. Vioo navyo vishikwe na kutikiswa kimoja kimoja. John Hancock Tower ya Boston ilianza kudondosha vioo kabla haijafunguliwa, madirisha yakazibwa kwa mbao, na vioo vyote zaidi ya 10,000 vikabadilishwa. Ufunguzi ulisogea hadi 1976.

Lifti ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na ukaguzi urudiwe kila miezi 6. Cheti chake kibandikwe ndani.

Baada ya hapo ndipo serikali ya kaunti hutoa cheti cha kuruhusu jengo kukaliwa. Mwombaji ni msanifu au mhandisi aliyesimamia kazi, naye huambatanisha matokeo ya majaribio ya zege, ripoti ya moto na ya stima. Jipe angalau wiki sita, maana mkaguzi akipata kasoro moja hurudi upya. Kama cheti hakijatoka kufikia Krismasi, wageni wale chakula uani chini ya hema, utepe ukatwe mlangoni, na wapangaji wangoje Januari.